Kikapu cha Kwanza cha Mboga Kule Ikombe

Leo nimewaletea historia, na inaanzia kwenye mboga za majani.

Mvua za huku kwetu si za mchezo. Zinaanza Novemba, zinakaza Machi na Aprili, na hata Mei unaweza kushinda dukani na vitambaa vyako bila kumwona mteja kwa ajili ya matope. Juni ikiingia mawingu yanapungua, mpunga uko kwenye kuvunwa, na akina mama wa ufukweni wanageukia bustani. Mchicha ukiusia leo, baada ya wiki tatu au nne unakata. Mnafu unachelewa kidogo, ila ukichuma ncha zake unachipua tena na tena. Nyanya na kabichi zinataka kama miezi mitatu. Kwa hiyo kwenye Julai vikundi vinavyolima bustani ya pamoja vinaanza kuvuna, na hapo linazuka swali ambalo halikosi kuzuka kila mwaka: kikapu cha kwanza kiende wapi?

Yuko anayetaka kiuzwe, deni la mbegu lilipwe. Yuko anayesema kipelekwe ibadani. Mwingine anaona ni adabu apelekewe kiongozi aliyewapa eneo. Na yuko mama aliyebeba ndoo kutoka ziwani asubuhi na jioni kwa wiki nne, naye anataka fungu moja tu la kupikia watoto usiku huo. Mimi nashona sare za vikundi, kwa hiyo maneno haya nayasikia wakati nawapima mabega. Watu wanadhani ni ugomvi mdogo wa mboga. Mimi naona ni ugomvi wenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, na mahali pa kuutazama vizuri ni Ikombe.

Ikombe ni kijiji cha Wakisi, mwisho kabisa wa Ziwa Nyasa upande wa kaskazini mashariki, ndani ya wilaya yetu ya Kyela. Ukitoka Matema unakiona kwa mbali kikiwa kimejibana kwenye mguu wa Milima ya Livingstone. Kwa miaka mingi njia ya kufika huko ilikuwa ni mtumbwi, boti au miguu yako mwenyewe. Mlima unashuka moja kwa moja mpaka majini. Ukisimama Ikombe ukatazama nyuma unaona mwamba na miti inayopanda juu. Ukitazama mbele ni maji matupu. Sehemu tambarare ya kulima ni ukanda mwembamba, kama pindo la gauni.

Sasa linganisha na majirani zao Wanyakyusa walioko kwenye bonde la Kyela na vilima vya Rungwe. Wale walipewa udongo mweusi, mvua tele, migomba kila nyumba. Mskoti Joseph Thomson alipita kaskazini mwa ziwa mwaka 1879 na alisifu nchi ile kama bustani iliyotunzwa. Mnyakyusa akisikia njaa anaingia migombani anakata mkungu, jioni kuna mbalaga. Mkisi wa Ikombe hakuwa na anasa hiyo. Alikuwa na muhogo kidogo mlimani, samaki ziwani, na udongo wa mfinyanzi.

Udongo huo ndio uliowalisha. Mwanamume alivua, mwanamke alifinyanga, na ufundi ulitoka kwa mama kwenda kwa binti. Vyungu vya Wakisi havina gurudumu la kiwandani. Mama anaponda udongo, anaukanda, anauinua kwa mkono, anausawazisha mpaka ukuta unakuwa mwembamba ajabu, kisha anausugua kwa kijiwe mpaka unang'aa. Anapaka udongo mwekundu, anachora mistari na maua kwa udongo mweupe. Baada ya kukauka, vyungu vinapangwa pamoja na kuchomwa kwa moto wa wazi. Kama umewahi kuona chungu chekundu chenye mikanda myeupe kwenye soko la Mbeya au Iringa, kuna uwezekano mkubwa kimetoka ufukweni kwetu. Mjerumani Friedrich Fülleborn, daktari aliyekaa huku mwishoni mwa miaka ya 1890, aliwaandika Wakisi na vyungu vyao katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1906 kuhusu nchi za Nyasa na Ruvuma. Na miaka ya 1970 Mtanzania mwenzetu, S. A. C. Waane, alichapisha utafiti mahususi wa ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe. Nafurahi sana kwamba kazi ya mikono ya akina mama wa kijiji kidogo namna ile imepata kuandikwa na Mtanzania.

Niliposoma habari hizi lilinijia jambo moja. Kwa Ikombe, chungu kilikuwa ndiyo bustani. Mama alipandisha vyungu kwenye mtumbwi, vikafungwa vizuri visigongane, vikavushwa mpaka upande wenye chakula, vikabadilishwa kwa mahindi, mpunga, maharage, ndizi. Mpaka leo siku ya Jumamosi pale Lyulilo, jirani na Matema, vyungu vinashushwa ufukweni kwa mamia na wanunuzi wanatoka mbali kuja kuvichukua. Kipimo cha kale cha biashara hii, na si kwa Wakisi peke yao bali sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kilikuwa chungu chenyewe: unakitaka, kijaze nafaka, nafaka ni yangu na chungu ni chako. Mimi kama fundi nakiona ni kipimo safi mno. Hakina mizani ya kuchezewa wala dalali katikati. Mama anaona kwa macho yake alichopata kwa alichotoa.

Na msimu nao ulikuwa mmoja. Chungu hakikauki vizuri kwenye mvua, wala hakichomeki kuni zikiwa zimelowa. Kiangazi ndiyo wakati wa kufinyanga, na kiangazi hichohicho ndiyo wakati wa bustani za pembeni mwa maji. Ziwa letu linapanda na kushuka kila mwaka karibu mita moja hivi. Linajaa kuelekea Mei, kisha linarudi nyuma taratibu mpaka Novemba au Desemba. Linaporudi nyuma linaacha udongo wenye unyevu, na mtu mwenye pindo jembamba la ardhi hawezi kuliacha hilo lipite. Maboga, kunde, matembele, mchicha, vyote vinakubali pale.

Ila ziwa halina ahadi. Kuanzia mwaka 1915 maji yalipungua kiasi kwamba Mto Shire, ambao ndio mlango wa ziwa upande wa Malawi, haukuwa ukipokea maji yake, na hali hiyo ilidumu kama miaka ishirini mpaka kwenye 1935. Baadaye likapanda. Mwaka 1979 na 1980 lilikuwa juu sana. Hebu fikiri wewe ni bibi uliyeolewa Ikombe miaka ya 1920: unazoea ufukwe mpana, unalima, unalea watoto kwa mboga za pale, halafu umri umekwenda maji yanakuja yanachukua tuta moja baada ya jingine. Ardhi ya pembeni mwa ziwa haijawahi kuwa na hati. Ilikuwa ya anayewahi na ya anayeheshimiwa, na mara nyingi mwanamke hakuwa wa kwanza kati ya hao.

Wakaja Wajerumani. Mwaka 1893 Hermann von Wissmann alianzisha kituo cha serikali alichokiita Langenburg, kwenye ghuba ya Lumbila, kusini ya Ikombe kwenye ufukwe huohuo wa Wakisi. Mwaka huohuo meli iliyopewa jina lake ilianza kuelea ziwani. Baadaye makao yalihamishiwa milimani, yakawa Langenburg Mpya, ambayo leo ni Tukuyu. Wamisionari walikuwa wametangulia kidogo: mwaka 1891 Wamoraviani walifika Rungwe, na Walutheri wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky wakashika upande wa mashariki. Ikombe ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya hao wa Berlin, kisha Matema ikawa ndiyo kituo chao kikubwa cha ufukweni.

Serikali ilileta kodi. Kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, ikaanza kukusanywa mwaka uliofuata. Kwa mama wa Ikombe hii ilikuwa habari mpya kabisa. Chungu kilichokuwa kinajazwa mahindi sasa kilitakiwa kizae sarafu, na sarafu haikukaa jikoni. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kikapu cha kwanza kilipoanza kutoka nje ya nyumba kabla ya watoto kula.

Wamisionari nao walileta mambo yao. Walipanda miti ya matunda, wakafungua bustani za mboga za kwao, na kabichi tunayoiona ya kawaida leo ni mgeni wa zama hizo. Wakaleta pia sikukuu ya mavuno. Kule Ujerumani sikukuu hiyo huangukia mwanzoni mwa Oktoba, wakati wao wamemaliza kuvuna na baridi inakaribia. Huku Oktoba ni kiangazi kikali, maghala yamepungua, watu wanasubiri mvua. Makanisa yetu yakafanya kama fundi anavyofanya na mtindo uliotoka nje: ulipunguzwa pale na kuachiwa hapa mpaka ukakaa mwilini. Leo kila usharika una siku yake kufuatana na zao lake, na baada ya ibada kunakuwa na mnada. Kama hujawahi kuhudhuria mnada wa mavuno umekosa raha. Kuku mmoja ananunuliwa mara tatu na watu watatu tofauti, kila mmoja akimrudisha auzwe tena. Mkungu wa ndizi unapigiwa makofi.

Nasema haya kwa heshima, kwa sababu sadaka ya mavuno ni jambo zuri. Lakini soma vizuri malimbuko yalivyoelekezwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26. Kapu linapelekwa kwa kuhani, sawa. Kisha aliyelileta anaambiwa naye afurahie yale mema, pamoja na nyumba yake, Mlawi na mgeni aliye kwake. Hakuna mahali panaposema mleta kapu arudi nyumbani na njaa.

Na dada zangu Waislamu wanajua zaidi yangu kwamba Sura ya Al-An'am, aya ya 141, inataja haki ya mazao kutolewa siku ya kuvunwa. Kuna jambo katika hukumu hizo lililonigusa sana. Shamba linalonyweshwa na mvua zaka yake ni sehemu moja ya kumi, lakini linalomwagiliwa kwa jasho na gharama ni nusu ya hapo, moja ya ishirini. Maana yake ndoo imehesabiwa! Aliyechota maji ametambuliwa kuwa tayari ametoa. Tena wanazuoni wa Kishafi, madhehebu yenye wafuasi wengi huko visiwani, wanasema zaka ya mazao ni ya chakula kikuu kinachowekwa ghalani, mboga za majani hazimo. Imamu Abu Hanifa yeye aliziingiza. Sitaingia kwenye fiqhi, si fani yangu. Nilichotaka kuonyesha ni kwamba dini zetu zote mbili, zinapozungumzia kapu, zinamwona pia mtu aliyelijaza.

Turudi huku bondeni. Kati ya 1934 na 1938 walikuja mume na mke, Godfrey na Monica Wilson, wakakaa na Wanyakyusa na kuandika maisha yao. Kwa utaratibu waliouona, kulima kwa jembe kulikuwa kazi ya wanaume na vijana wao. Mkwe alikwenda kuwalimia wakwe zake, na tuta lililopinduliwa vizuri lilikuwa sifa ya mtu. Mwanamke alipanda, akapalilia, akavuna. Kwa maneno mengine, kapu lilikuwa mkononi mwake. Lakini wakati huohuo dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ilikuwa inawavuta wanaume kwa maelfu, na baadaye ikaja migodi ya shaba ya Zambia na dhahabu ya Afrika Kusini. Jembe likabaki limeegemezwa ukutani. Nani alilichukua? Mwanamke, na tangu hapo hajalirudisha. Wazee wengine wakisema siku hizi kwamba bustani ni kazi ya wanawake tangu enzi, mimi huwa natabasamu tu. Enzi zipi?

Sasa tufike kwenye kipindi ambacho wengi wetu tumekisikia kwa wazazi: Ujamaa. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Septemba mwaka huo Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Ujamaa Vijijini, na humo alisema jambo ambalo halisemwi mara nyingi kwenye hotuba. Alikiri kwamba maisha ya kijamaa ya mababu, pamoja na uzuri wake, yalikuwa na kasoro kubwa: wanawake walifanya kazi kupita sehemu yao ya haki, mashambani na nyumbani. Aliandika hivyo mwaka 1967, dada zangu. Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulikuwa tayari na miaka mitano.

Kwa hiyo wazo la shamba la pamoja lilianza likijua tatizo liko wapi. Na kulikuwa na mahali palipojaribu kulitatua kwa hiari, si mbali sana na sisi, kule Songea. Litowa na vijiji wenzake vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma walianza mwaka 1960, kabla hata ya Azimio, wakilima pamoja na kukaa chini wenyewe kuamua mgao. Chama hicho kilivunjwa na uongozi wa TANU Septemba 1969. Baadaye, Novemba 1973, ikaja amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini, na Sheria ya Vijiji ya 1975 ikaweka serikali ya kijiji juu ya shughuli za pamoja. Shamba la kijiji likawa la zamu na daftari la mahudhurio. Kengele ikigongwa unakwenda. Shule nazo, chini ya Elimu ya Kujitegemea, zilikuwa na bustani zao.

Mimi sikuwepo, nimezaliwa Ujamaa ukiwa umeshachoka. Lakini ukiwauliza waliokuwa wanawake wazima wakati ule, wengi hawaanzi kwa kulaumu kulima pamoja. Kulima pamoja walikupenda, walikuwa wanaimba. Wanaanza kwa kuuliza mavuno yalikwenda wapi. Walihesabiwa siku za kufika shambani, wakaona magunia yakipakiwa, na baada ya hapo habari ilikuwa ya ofisini. Jina lililoandikwa kwenye daftari mara nyingi lilikuwa la mkuu wa kaya, hata kama aliyeshika jembe ni mke wake. Sitasema kila kijiji kilikuwa hivyo. Nasema kwamba shamba la pamoja likianza kuvunwa pasipo aliyelima kuona mgao, msimu unaofuata kengele inagongwa na watu wanakuja wachache, na wa msimu wa tatu ni wachache zaidi. Njaa ya 1974 na 1975 na mbio za Kilimo cha Kufa na Kupona zilikuta mashamba mengi ya namna hiyo yamekwisha kuchokwa.

Sasa kumbuka kile chungu. Mama wa Ikombe hakuwahi kuhitaji daftari. Alikuwa maskini wa ardhi kuliko Mnyakyusa yeyote, lakini mtumbwi uliporudi jioni alijua alichopata. Ndiyo maana naamini ufinyanzi haukufa, wakati mashamba mengi ya pamoja yalikufa. Wengine husema ni mila tu, Wakisi wameshikilia mila. Mila gani inayomwamsha mtu alfajiri akanyage udongo kama hailipi?

Nyinyi wa visiwani mna mfano wenu wa karibu. Kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, walio wengi katika wakulima wakawa wanawake. Ni kazi ngumu: kiuno majini, jua kichwani, ratiba ni ya bamvua. Bei imekuwa ikiwaumiza na wao wenyewe wanalalamika. Pamoja na hayo, kila mmoja alikuwa na kamba zake na vigingi vyake, mwani wake ulipimwa kwa kilo, na pesa ikaingia mkononi mwake. Sare za shule zilinunuliwa, mabati yakapanda juu ya nyumba. Wafanyabiashara wenzangu wa vitambaa walioko Unguja wanajua ni nani aliyekuwa ananunua khanga siku za malipo.

Bustani za pamoja za leo huku ufukweni zimezaliwa katika mazingira mengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi ya kijiji. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi, ikarudishwa mwaka 2024. Ili kikundi kikopeshwe lazima kisajiliwe, na ili kisajiliwe lazima kiwe na katiba. Hapo ndipo panaponipendeza mimi. Kwa mara ya kwanza katika historia hii ndefu, wanaolima wanakaa chini na kalamu kabla ya kupanda.

Tatizo ni kwamba katiba nyingi zinanakiliwa. Kikundi kinachukua karatasi ya kikundi kingine, kinabadilisha jina, kinapeleka. Unakuta kipengele cha kuchelewa kikaoni, kipengele cha kufiwa, kipengele cha mwenyekiti kuondolewa, na hakuna hata mstari mmoja unaosema mavuno ya kwanza yanagawanywaje. Mbegu zikishaliwa deni na mchicha ukishakomaa, kila mtu anakumbuka alichoahidiwa kwa mdomo. Hapo ndipo kiongozi wa eneo anatokea na familia yake, na hakuna anayeweza kumnyima kwa sababu hakuna palipoandikwa.

Tena kuna suala la maji. Katika bustani ya kiangazi kazi kubwa iko kwenye ndoo kuliko kwenye jembe. Kulima ni siku mbili tatu za kelele na picha, kumwagilia ni kila siku na hakuna anayekupiga picha. Ukigawa sawa kwa kichwa, aliyekuja siku ya kulima tu anapata sawa na aliyebeba maji mwezi mzima. Ukigawa kwa ndoo, mama mjamzito na bibi mwenye magoti mabovu wanaachwa nje. Sina dawa ya jambo hili, ila najua lazima lisemwe mbegu zikiwa bado kwenye pakiti.

Kuna akina mama wa upande wa ziwani waliokuja dukani kwangu kushona sare, na walikuwa wamelisema. Waliniambia wanavyofanya, nami nikawa naandika kwenye karatasi ya vipimo kwa sababu nilipenda. Mavuno ya kwanza hayauzwi. Yanakatwa asubuhi, yanawekwa kwenye turubai mbele ya wote, yanapangwa mafungu. Fungu moja kwa kila mwanachama, na wawili kati yao ambao hawawezi kubeba ndoo wanapata kwa sababu ndio wanaotunza watoto wa wenzao wakati wa kumwagilia, kazi hiyo imeandikwa. Fungu moja la ibada. Fungu moja la aliyewapa eneo, sawa na la wengine, halizidi. Kinachobaki kinapikwa palepale, na chungu cha kupikia, ilibidi niulize, ndiyo, ni cha Ikombe.

Kuanzia mavuno ya pili ndipo biashara inaanza. Mboga zinakatwa Ijumaa jioni jua likiwa limepoa, zinafunikwa kwa majani ya mgomba, na Jumamosi alfajiri zinafika Lyulilo wakati mitumbwi ya vyungu inashusha. Wafinyanzi wananunua mnafu na nyanya kabla hawajauza chungu hata kimoja, maana wametoka usiku na wana njaa. Wengine mpaka leo wanalipa kwa chungu.